Kiberiti Kisicho na Mwenyewe

Kufika saa tatu asubuhi ya Jumatatu, Ozime Dugas alikuwa amekwisha kupita juu ya tuta la mfereji mara nne. Kila mara alisimamisha pikapu palepale penye lango la maji, akashuka, akalamba kidole na kukiinua juu, kana kwamba upepo ni mtoto mtundu anayebadilika ukimpa kisogo. Upepo haukubadilika. Ulikuwa wa kaskazini tangu Jumapili, mkavu, wa kusukuma sawasawa, nao ulikuja nyuma ya mvua ya siku tatu iliyokijaza kinamasi hadi mizizini. Upepo wa namna hiyo juu ya maji ya namna hiyo, mwezi wa Januari, watu wa Cheniere Corbeau, kijiji cha pwani, huungoja kama wengine wanavyoingoja harusi. Redio ilikuwa imesema kwamba Jumatano mchana utageuka na kuanza kuvuma kutoka baharini. Alikuwa na siku mbili za kuchoma, na nusu ya asubuhi ya kwanza ameshaila kwa kupanda na kushuka garini.

Hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida. Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba siku ya kumzika Ozime jeneza litabidi lifungwe kamba. Lakini asubuhi ile ilikuwa zaidi ya kawaida yake. Alianza kahawa akaiacha kwenye boneti, akaikumbuka ikiwa imeshamwagika tutani.

Ardhi aliyokuwa akiizunguka ilikuwa yake na ya dada yake Verdie, ekari mia saba walizoachiwa na baba bila kugawanywa: mbuga ya nyasi upande wa kaskazini, kinamasi upande wa kusini, kisha ukanda wa mchanga na bahari. Haikulimwa. Ilitunzwa kwa ajili ya ndege na wanyama, pamoja na ng'ombe wachache wa kula nyasi kwa msimu. Kwa miaka thelathini Ozime ndiye aliyeshika ufunguo wa lango la maji. Ndiye aliyejua lini afunge chumvi isiingie, na lini aachie maji ya mvua yashuke polepole ili matope yaote mbegu za kuwalisha mabata. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda, na kwa kweli hakuwa na nyingine aliyoiweza.

Lakini mbuga isiyochomwa huzeeka vibaya. Hii ilikuwa haijaona moto kwa miaka kumi na miwili. Nyasi kavu zilikuwa zimelaliana hadi kiunoni, sungura mwenyewe hapiti. Mabata bukini weupe walikuwa wakipita juu na kwenda kutua kwa jirani. Na katikati ya nyasi ilikuwa imeota miti ya nta, ile iliyoletwa zamani kutoka Uchina kwa ajili ya kupamba nyua za watu, ikatoroka. Mwaka juzi ilikuwa unene wa kidole gumba. Mwaka huu unene wa kifundo cha mkono. Ikifika unene wa paja, moto hauiui tena, na penye mbuga panakuwa msitu usiomlisha yeyote. Kuahirisha nako kulikuwa na mpaka: mwishoni mwa Februari bata madoa huanza kutaga humo, na anayechoma juu ya mayai hana tofauti na anayebomoa nyumba ya mjane. Kwa hiyo ilikuwa ni siku hizi mbili, au kuiacha mbuga ife.

Karatasi ya kumruhusu ilikuwa juu ya kiti cha pikapu. Ilikuwa imeandaliwa na Bi Pruitt, binti wa ofisi ya wanyamapori, ambaye alitaka mambo matatu: saini za wenye ardhi wote wawili, watu watatu wa kusimamia moto, na mmoja wao awe mtu anayekijua kinamasi kile tangu zamani. Bi Pruitt alikuwa ameuliza huku na huku ni nani huyo, na kila mtu akamtajia jina moja. Basi akaliandika: Adras Mhire. Verdie, aliyefundisha shule miaka thelathini na minne na bado hakuwa ameiacha kalamu yake nyekundu, alitia saini yake vizuri chini ya ukurasa, kisha akalifuta jina la Adras kwa mstari mmoja, mnyoofu, kama anavyofutwa mtoto aliyekosa hesabu. Pembeni aliandika: Huyu hapana.

Mstari ule mwekundu ndio uliokuwa ukimtoa Ozime garini na kumrudisha.

Sababu yake ilikuwa ya zamani. Pwani ile kuna desturi: kiberiti hakina mwenyewe. Kinamasi kikiwaka, hata kama watu wote wanajua ni nani aliyekipita asubuhi, anayeulizwa hujibu, "Upepo wa kaskazini ndio uliowasha," na mazungumzo huishia hapo. Desturi hiyo ni njema kwa kadiri yake. Moto haujui mipaka ya mashamba, na kama kila uliovuka mpaka ungepelekwa mahakamani, majirani wangemaliza umri wao kwenye mabenchi. Lakini hakuna desturi njema ambayo mtu mwoga hawezi kuigeuza shuka ya kujifunika.

Miaka kumi na miwili nyuma, mwishoni mwa kiangazi kikavu, ulikuja upepo wa kwanza wa kaskazini, na Ozime akashindwa kuungoja wa pili. Baba yao alikuwa amewafundisha jinsi ya kupima. Unatembea hadi katikati ya kinamasi, unakanyaga kwa kisigino, unainua mguu, unaanza Salamu Maria. Maji yakijaza unyayo kabla hujafika Amina, choma. Yasipojaza, rudi nyumbani. Ozime alipima pembeni mwa mfereji, mahali ambapo maji huvuja mwaka mzima hata mbwa akikanyaga. Unyayo ulijaa kabla hajamtaja Yesu. Katikati hakwenda, ilikuwa mbali, na upepo ulikuwa mzuri. Akawasha upande wa kusini, zile ekari tisini alizozitumia Verdie, zenye nyasi bora kuliko zote.

Nyasi ziliungua kwa saa mbili. Mboji iliyo chini iliungua kwa wiki sita. Ulikuwa moto wa makumbi, usioonyesha ulimi, unaofuka tu kutoka ardhini, huku ardhi yenyewe ikizama kidogo kidogo hadi kimo cha nyonga. Mvua za Desemba ziliuzima, kisha dhoruba ya kwanza ikaleta maji ya bahari yakalijaza shimo. Verdie alirithi nyasi akabaki na ziwa la chumvi.

Alipomuuliza ndugu yake ni nani, Ozime alijibu kwa lile jibu la kila mtu: "Upepo wa kaskazini, dada." Verdie akaelewa kwamba anamkinga mtu. Na mtu aliyekuwa akiwachomea wote vinamasi vyao, aliyekuwa na ruhusa ya kutega panya-maji kwao, aliyeonekana wiki ile na mtumbwi wake mfereji uleule, alikuwa Adras Mhire. Jumapili iliyofuata, kwenye ngazi za kanisa, mbele ya watu, Verdie alimwambia Adras asitie tena mguu kwenye ardhi ya Dugas. Ozime alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, ameshika kofia. Hakusema kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Ozime ilikuwa imefika miaka kumi na miwili na bado alikuwa anatembea.

Alichojaribu kwanza asubuhi ile ni njia ya mkato. Alikwenda dukani kwa Wiltz, akamwuliza kama angekubali jina lake liandikwe penye mstari mwekundu. Wiltz, mtu mnene na mcheshi, alisema anaweza kuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya marehemu, lakini mara ya mwisho aliposhika reki, mgongo ulishika kitanda wiki nzima. "Mimi naujua moto wa jiko la soseji," alisema. "Huo wako mtafute Adras." Ozime alisema Adras ana shughuli. Wiltz alimtazama kidogo, akaendelea kupanga mikebe.

Akarudi kinamasini. Safari hii aliliacha gari akaingia kwa miguu, mabuti yakinyonywa, hadi katikati kabisa, penye vichuguu vya nyasi za waya. Akakanyaga kwa kisigino. Akainua mguu, akaanza Salamu Maria, na alipofika "umebarikiwa" hakuweza kujua kama yale maji yanayong'aa ndani ya unyayo yanapanda au ni macho yake tu yanayotaka yapande. Akarudia hatua kumi mbele. Akarudia tena. Mara ya nne alisahau sala ilipofikia. Mtu aliyekuwa akijitangaza kwamba anakijua kinamasi kile kama kiganja chake alisimama katikati yake na kugundua kwamba tangu mwaka ule hauamini mguu wake mwenyewe.

Ndipo akaenda kwa Adras.

Adras Mhire alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Nyumba yake, kama zote za ukanda ule tangu tufani ya mwisho, ilisimama juu ya nguzo ndefu, na mchana alikaa chini yake, kwenye kivuli cha sakafu yake mwenyewe, akishona mitego ya kaa kwa waya. Hakuinuka. Alimwacha Ozime asimame, akapinda waya, akakata, akapinda mwingine.

Ozime alizungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya bukini. Akasifu waya. Huku anaongea alikuwa akizunguka nguzo moja na kurudi kwenye nyingine, hadi mzee akamwambia, bila kuinua macho, "Baba yako alikuwa anatembea. Wewe unatangatanga. Sema ulichokuja nacho."

Ozime akasema anataka kuchoma mbuga na upande wa kaskazini wa kinamasi, kesho, na anamhitaji.

"Unanihitaji." Adras alilirudia lile neno kama anayeonja mchuzi. "Na dada yako naye ananihitaji?"

"Dada nitazungumza naye. Wewe ukikubali kwanza, Mzee Adras, mimi nitajua pa kuanzia."

"Hapana, bwana mdogo. Neno la kunifunga lilitoka kinywani mwa Verdie, na la kunifungua litoke humohumo. Sipiti lango la mtu kwa kichochoro. Mimi si mwizi wa panya-maji."

Ozime alisema kwamba watu wamekwisha kusahau mambo yale.

Hapo mzee aliweka koleo chini. "Watu gani? Mimi sijasahau. Nilikuwa kwenye mtumbwi siku ile, nyuma ya matete. Nilikuona unakimbia na gunia lililolowa maji, unapiga huku na kule. Mtu aliyekuta moto wa mwenzake hakimbii namna ile."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu ya Ozime ilitulia. "Ulijua," alisema. "Miaka yote hii. Mbona hukusema?"

"Kiberiti hakina mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mimi desturi hiyo niliishika. Wewe ulijifunika nayo." Akaokota koleo. "Nenda, unanizibia mwanga."

Kutoka nyumba ya Adras hadi ya Verdie ni mwendo wa dakika tano kwa gari. Ozime alitumia saa nzima. Alifika hadi langoni kwake akapitiliza, akaenda mpaka barabara inapoishia kwenye mchanga, akageuza. Njiani alijitungia maneno ya aina tatu. Katika ya kwanza kosa lilikuwa la ukame. Katika ya pili lilikuwa la wote wawili, yeye na Adras, kwa namna fulani. Ya tatu ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa fupi kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa ngumu kushikika kichwani. Juu ya mbuga upepo ulikuwa ukilaza nyasi upande mmoja, vizuri kabisa, kama mkono unaochana nywele. Saa za kuchoma za siku ile zilikuwa zinamalizika.

Alipanda ngazi kumi na nane za Verdie kwa mbio kama anayefukuzwa. Dada yake alikuwa jikoni, mbele ya sufuria nzito, akikoroga unga katika mafuta kwa ajili ya mchuzi mzito wa gumbo. Kazi hiyo haina mapumziko: unga hukorogwa mfululizo hadi uwe rangi ya shaba, na ukiuacha kwa muda wa kupenga kamasi, unaungua na kutupwa. Ozime aliona kwamba dada yake hawezi kuondoka hapo jikoni, wala kumtazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa aina ile, alishukuru.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," Verdie alisema. "Umepata mtu?"

Akasema bado. Akasema Wiltz mgongo. Verdie akasema mgongo wa Wiltz unauma kazi ikionekana tu, kwenye dansi haujawahi kuuma. Ozime alicheka zaidi ya kichekesho chenyewe kilivyostahili, kisha kicheko kikaisha na chumba kikabaki na sauti ya mwiko.

"Yuko Adras," alisema.

"Nimeshaandika juu ya Adras."

"Dada, lile jina lirudishe."

"Mtu aliyeniunguzia ekari tisini nimwite aje aniunguzie zilizobaki? Wewe una roho ya malaika, Ozime. Ulimkinga wakati ule na unamkinga leo. Mimi sina roho hiyo."

Ozime angeweza kuondoka na sifa ile. Ilikuwa imewekwa mkononi mwake, ya moto, na dada yake amempa mgongo. Na hapa lazima isemwe wazi kwamba Ozime hakusukumwa na ushujaa. Alisukumwa na upepo. Kama redio ingesema utakaa wiki mbili, huenda angeondoka na sifa yake akaendelea kutembea.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilipima pembeni mwa mfereji, sikwenda katikati. Nikawasha."

Mwiko uliendelea kuzunguka. Ulizunguka mara tano, sita, kwa mwendo uleule. Kisha Verdie alizima moto, akaisogeza sufuria, akaacha unga ukiwa bado rangi ya mchanga, yeye ambaye hajawahi kuuacha nusu hata siku ya msiba wa mama yao. Akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Ulisimama nyuma yangu," alisema. "Kwenye ngazi zile. Nilipomwambia yale."

"Ndiyo, dada."

"Ukiwa umeshika kofia."

Ozime hakujua kwamba na hilo amelikumbuka. Alianza kueleza juu ya ukame, lakini Verdie aliinua mkono, na yeye, mwanamume wa miaka sitini na moja, akanyamaza kama mtoto wa darasa la tatu. Dada yake alisema kwamba ardhi anaweza kumsamehe. Ardhi iliungua na basi, na hata baba yao aliwahi kukosea. Asichoweza kumsamehe leo, na asimwombe leo, ni kwamba alimfanya yeye Verdie kuwa mdomo wa uongo. Alikuwa amemhukumu mtu asiye na kosa kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya parokia nzima, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa amelala usingizi mzuri.

Kisha akavaa koti. "Nipeleke."

Ozime aliendesha polepole mara hii, na Verdie akamwambia aongeze mwendo.

Adras aliwaona wakija akawa ameshasimama. Kwa mwanamke aliinuka. Verdie hakuzunguka nguzo. Alimsogelea hadi mbele yake akasema kwamba alimtendea dhuluma, kwamba amejua leo, na kwamba hana cha kujitetea kwa sababu hakuwahi hata kumuuliza. Akasema lango liko wazi kwake tangu sasa, awe anakuja au asije.

Mzee alipozungumza hakumtazama Ozime hata kidogo. "Mimi haikuniuma sana, Verdie. Nilipata pengine pa kutega. Aliyeumia ni mke wangu, Lovenia. Aliacha kwenda ukumbini kupika na wanawake wenzake. Alisema akishika mwiko anaona wanamtazama mikono. Miaka minne, hadi akafa. Nilitaka kumwambia ukweli, halafu nikaona nikimwambia hatauweza, atausema. Kwa hiyo sikumwambia hata yeye. Hilo ndilo ninalolala nalo."

Verdie alilia kidogo, bila kelele, akiwa amesimama wima. Ozime aliona nyasi, kaa wawili kwenye ndoo, uzi wa waya mchangani. Aliona kila kitu isipokuwa nyuso zao.

Hatimaye Adras akauliza maji yamesimamaje. Ozime akajibu haraka kwamba amepima katikati mara nne. Na yalijaa? "Sijui," Ozime alisema. "Siwezi tena kujua."

"Hilo ndilo neno lako la kwanza la maana leo," mzee alisema.

Verdie alitoa masharti yake palepale. Mzee Adras ndiye atakayeamua kama panachomwa, wapi na lini. Ufunguo wa lango la maji atakaa nao yeye Verdie, na Ozime akitaka kulifungua ataomba. Na Jumapili baada ya misa, ukumbini, mbele ya wale wanawake wanaopika, Ozime atasimama na kusema alichosema jikoni. "Ulimchafua mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu utamsafisha. Yeye na Lovenia." Ozime aliutoa ufunguo kwenye mkufu wake. Kidole gumba chake kilichelewa kuuachia, na dada yake aliona.

Jumanne upepo ulikuwa bado wa kaskazini, lakini umelegea. Adras aliingia kinamasini peke yake, bila haraka, akatumia asubuhi yote. Bi Pruitt alingoja tutani karibu na gari la maji. Ozime alingoja akitembea: hatua ishirini huku, ishirini kule, akitazama vilele vya matete kila dakika. Saa tano. Saa sita. Alitaka kupaza sauti kwamba upepo hautawangoja, na mara mbili alikwisha kuvuta pumzi ya kuitia.

Mzee aliporudi alisema mbuga ichomwe, na kinamasi kichomwe hadi kwenye safu ya pili ya vichuguu tu, linapopita tuta. Zaidi ya hapo, ekari hamsini hivi, juu ni mbichi na chini ni kavu; mvua ya siku tatu haijafika. Ozime akasema, kabla hajajizuia, kwamba huko ndiko miti ya nta ilikosongamana zaidi, na mwakani itakuwa mikubwa mno.

"Itakuwa mikubwa," Adras alikubali. "Utaikata kwa shoka, mmoja mmoja. Una mikono."

Kisha akagawa kazi. Bi Pruitt na gari la maji upande wa barabara. Yeye mwenyewe na kopo la mafuta la kuwashia. Ozime alinyosha mkono kupokea kopo la pili, kama alivyozoea tangu ujana wake, na mzee akampa reki na gunia lililolowa.

"Wewe utasimama hapa tutani, utazame kusini. Cheche ikiruka juu yako ikaenda kutua kule kukavu, uipige. Moto usiutazame. Moto nitautazama mimi."

Ozime alisimama. Nyuma yake alisikia mlio wa kwanza, ule wa kama karatasi inayokunjwa, kisha mngurumo, kisha joto likamshika shingoni na masikioni. Moshi ulipita juu ya kichwa chake kuelekea baharini. Sungura mmoja alimpita miguuni, kisha ndege wadogo wa kinamasi, wakikimbia badala ya kuruka. Kila mshipa wa mwili wake ulitaka kugeuka, kuona kama mstari unakwenda sawa, kama mzee amewahi kona ya magharibi, kama miti imeshika. Alisikia Bi Pruitt akiuliza kitu kwa sauti kubwa na Adras akimjibu kwa upole. Hakugeuka. Cheche moja ilivuka, akaishukia kwa gunia, akapiga hadi matope yakamrukia usoni. Ya pili ilizimika yenyewe hewani, akaifuata hata hivyo.

Kati ya cheche na cheche hapakuwa na kazi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alijaribu maneno ya Jumapili. Alianza na jina la Lovenia, akaona si haki kulitaja kwanza. Akaanza na la baba yake, akaona ni kujitafutia kivuli. Akaanza na "mimi," akaishia hapo. Miguu yake ilikuwa ikikanyagakanyaga tutani, kushoto, kulia, kushoto, bila kwenda popote, na mbele yake zile ekari hamsini zilikuwa zimesimama na nyasi zao na miti yao, hazijaguswa.

"Ozime," sauti ya mzee ilimjia kutoka ndani ya moshi. "Uko hapo bado?"

"Niko, Mzee."

"Umetazama wapi?"

"Kusini."

"Haya," Adras alisema, akaenda kuwasha upande wa pili.